Bosi Hataki Kuona Kazi Yako, Anataka Kukuona Umekaa

Septemba 2024, Andy Jassy, bosi mkuu wa Amazon, aliandikia wafanyakazi wake memo. Kuanzia Januari 2, 2025, watu wote wa ofisi warudi siku tano kwa wiki. Walikuwa wanaenda tatu. Sasa ni tano, kama enzi za kabla ya korona. Sababu alizotoa unazijua hata kama hujawahi kuajiriwa popote: tutashirikiana vizuri, tutajifunza kutoka kwa wenzetu, utamaduni wa kampuni utakuwa na nguvu.

Sawa. Lakini tulia kidogo ufikirie hii ni kampuni ya aina gani. Hawa ni watu wanaojua kiatu ulichokiangalia saa nane usiku ukakiacha bila kununua. Msee anayepanga mizigo kwa maghala yao anafuatiliwa na mashine kila anapogusa kifurushi. Wanapima kila kitu. Halafu likaja swali moja, je, watu wakikaa ofisini siku tano kazi inaboreka kwa kiasi gani, na ghafla mabingwa wa takwimu wakakosa takwimu. Oktoba hiyo wafanyakazi zaidi ya 500 wa AWS, ile idara yao ya kukodisha kompyuta, waliandika barua kulalamika kwamba maelezo waliyopewa hayana data yoyote. Bosi wao, Matt Garman, alikuwa ameambia mkutano kwamba watu tisa kati ya kumi aliozungumza nao wameufurahia huo mpango, na kama kuna asiyeutaka, kampuni zingine zipo.

Tisa kati ya kumi! Wewe bosi wa bosi wako akikusimamisha kwa korido akuulize kama umefurahia amri yake, utamwambia nini?

Kilichonimaliza ni hiki. Tarehe ilipokaribia, ofisi zingine za Amazon zikabidi zisogezewe mbele kwa miezi, kwa sababu hakukuwa na nafasi ya kukalisha watu wote. Yaani umeamrishwa uje haraka, na hakuna kiti.

Sasa, kila mtu mtandaoni ana nadharia yake kuhusu kwa nini wakubwa wanafanya hivi. Yangu ni kwamba wengi wao hawajui kupima kazi isipokuwa kwa macho, na wengine wanajua vizuri kabisa wanachofanya na hakihusiani na kazi. Lakini kinachoniuma zaidi, kwa sababu kinatugusa sisi wa umri huu, ni kwamba kuna sababu moja ya kweli ya kwenda ofisini, ni sababu nzuri, na wanaiharibu kwa mikono yao wenyewe. Nitafika huko.

Anza na hii ya macho. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, hiyo ni stori ya siku nyingine, lakini kitu kimoja nakumbuka vizuri ni karatasi ya mahudhurio. Inazunguka lecture hall, jamaa mmoja anajisainia, anamsainia rumeti, anamsainia yule wa kutoka Juja, na kama peni bado ina wino anamsainia na dem anayemkatia. Mwalimu naye yuko mbele anasoma slaidi za mwaka wa babu. Mwisho wa semista kwenye rekodi watu 180 walihudhuria. Nani alielewa? Hakuna karatasi ya hiyo.

Ofisi nyingi zinaendeshwa hivyo hivyo. Ukifika mapema na utoke mkubwa akiwa ameshatoka, wewe ni mchapakazi. Ukimaliza kazi ya siku saa sita mchana, afadhali ufungue spreadsheet yoyote uiangalie kwa uchungu mpaka saa kumi na moja. Huo mchezo ulikuwa unaenda poa hadi 2020, wakati korona ilifunga kila mtu nyumbani na bosi akabaki na vidoti vya kijani kwenye skrini. Hakujua tena nani anafanya kazi. Ukweli ni kwamba hata kabla ya hapo hakujua, ila alikuwa anaona vichwa, akatulia.

Microsoft waliuliza watu hili swali mwaka wa 2022. Asilimia 87 ya wafanyakazi walisema wanafanya kazi vizuri. Kwa upande wa viongozi, asilimia 85 walisema mpango wa kuchanganya nyumbani na ofisi umewafanya wapate shida kuamini kwamba watu wanafanya kazi. Wote wanaulizwa kuhusu kazi. Mmoja anaona imeisha, mwingine anaona kiti kitupu.

Najua mtu atasema, lakini si kuna watu wanadanganya? Wako, tena wengi. Mwaka wa 2024 benki ya Wells Fargo kule Marekani ilifuta watu zaidi ya kumi kwa kutumia ujanja wa kufanya kibodi ionekane inabonyezwa, ndio kompyuta idhani wako kazini. Mimi nilicheka, halafu nikajiuliza swali lingine. Kama mtu anaweza kuweka kifaa kibonyeze kibodi na kazi yake isionekane imepungua, huyo mtu alikuwa anapewa kazi gani? Na supavaiza wake alikuwa anaangalia nini, kama si kibodi?

Kuna jaribio moja napenda sana, kwa sababu ni la kweli, si maoni ya mtu kwa LinkedIn. Nicholas Bloom, profesa wa uchumi pale Stanford, na wenzake walilifanya katika Trip.com, kampuni ya Uchina inayouza tiketi na hoteli. Wafanyakazi 1,612 waligawanywa makundi mawili bila kujuana wala kupendeleana. Kundi moja likae ofisini siku tano, lingine lifanyie kazi nyumbani siku mbili kwa wiki. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Nature mwaka wa 2024. Walioruhusiwa kubaki nyumbani hawakufanya vibaya kazini na hawakunyimwa vyeo. Lakini kuacha kazi kulishuka kwa theluthi moja. Tajiri, hiyo ni pesa. Kila mtu akiondoka unaanza kutafuta mwingine, umfundishe, usubiri azoee.

Sehemu tamu zaidi ni hii. Kabla ya jaribio waliwauliza mameneja wanadhani nini kitatokea. Kwa wastani walidhani kazi itashuka kwa asilimia 2.6. Baada ya kujionea, mameneja hao hao wakasema imepanda kwa asilimia 1. Hakuna mtu alibadilishwa mawazo na hotuba. Walijaribu tu wakaona.

Kwa haki, hilo ni jaribio la siku mbili nyumbani. Kukaa nyumbani siku zote tano ni maneno mengine, na sitajifanya ni kitu kimoja.

Sasa twende kwa wale wanaojua wanachofanya. Novemba 2024, Elon Musk na Vivek Ramaswamy waliandika makala kwenye Wall Street Journal kuhusu kupunguza wafanyakazi wa serikali ya Marekani. Ndani yake walisema waziwazi kwamba kulazimisha wafanyakazi waje ofisini siku tano kutafanya wengi waache kazi kwa hiari, na kwamba wao watalikaribisha jambo hilo. Sijatafsiri vibaya. Waliiandika na wakaweka majina yao. Trump alipoapishwa Januari 20, 2025, amri ya kurudi ofisini ilikuwa kati ya zile za siku ya kwanza kabisa.

Nawashukuru kwa ukweli, kusema kweli, kwa sababu wengine wanafanya hivyo hivyo wakiimba utamaduni wa kampuni. BambooHR, watu wa programu za maofisi, waliuliza wakubwa wa makampuni mwaka wa 2024, na robo yao walikiri walitumaini baadhi ya watu wataacha kazi wenyewe wakiambiwa warudi.

Hapa Kenya hii hesabu ni muhimu uielewe kabla hujaingia kazini. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema mwajiri akipunguza watu lazima atoe notisi ya mwezi mmoja, aarifu afisa wa leba, na chama cha wafanyakazi pia kama wewe ni mwanachama, na akulipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza hapo. Umekaa miaka sita? Hiyo ni miezi mitatu ya mshahara. Lakini ukiandika barua mwenyewe kwamba naacha, kwa sababu umechoka kuamka saa kumi alfajiri uvuke jiji zima, hiyo pesa ya siku 15 huioni. Umejifuta, na wamekupigia makofi ya kwaheri na keki. Kwa hivyo amri ya kurudi ofisini ikitoka wiki ileile kampuni inalia biashara ni mbaya, usikimbilie kuandika barua kwa hasira. Kwanza soma mkataba wako. Mkataba ukisema mahali pa kazi ni nyumbani, kubadilisha hilo si jambo la memo ya mistari mitatu.

Kuna wanaosema yote ni kwa sababu ya majengo. Kwamba kampuni zimelipia maghorofa na lazima yajae. Mimi hiyo siinunui sana. Kodi ya jengo inalipwa ukiwepo na usipokuwepo, na ukiwepo unaongeza bili ya stima, maji na majani chai. Kama shida ingekuwa pesa tu, wangekuacha nyumbani. Ni aibu zaidi kuliko hesabu. JPMorgan walijenga makao mapya New York, 270 Park Avenue, ghorofa 60, gharama iliyotajwa ni kama dola bilioni 3, yakafunguliwa Oktoba 2025. Mwaka huohuo watu wao waliamriwa warudi siku tano. Wafanyakazi wakaandika ombi, mamia wakasaini. Rekodi ya mkutano ikavuja Februari, na humo bosi wao, Jamie Dimon, anasikika akisema kwa matusi kwamba hajali ni wangapi wamesaini hilo ombi. Wewe ukijenga nyumba ya dola bilioni 3 utapenda ikae tupu kama hoteli ya pwani mwezi wa tano?

Halafu kuna nguvu tu, nguvu wazi. Mwaka wa 2021 makampuni ya teknolojia yalikuwa yanapigania watu, mfanyakazi akisema nitafanyia kazi kwetu ushago anaambiwa sawa mkubwa, tukutumie kiti? Ikafika 2022 na 2023, watu wakaanza kufutwa kwa maelfu, na ghafla memo zikabadilika sauti. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Yuye Ding na Mark Ma, waliangalia makampuni makubwa ya soko la hisa la Marekani yaliyotoa hizi amri. Waliona zinatoka zaidi baada ya hisa kushuka, na baada ya kutoka, faida haikuongezeka. Kilichoshuka ni furaha ya wafanyakazi. Maana yake, kwa Kiswahili cha mtaa, biashara ikienda mrama lazima apatikane wa kulaumiwa, na wa kulaumiwa ni yule aliyevaa pajama.

Na mkubwa mwenyewe yuko wapi? Starbucks walipomwajiri Brian Niccol mwaka wa 2024, barua yake ya kazi haikumtaka ahamie Seattle, makao makuu. Angebaki California na kwenda kazini kwa ndege ya kampuni, umbali wa kama kilomita 1,600. Kampuni ilisema naye atafuata siku za ofisini kama wengine, sawa. Julai 2025 wafanyakazi wa ofisi zao wakaambiwa siku zinapanda kutoka tatu hadi nne. Walau hao waliwapa malipo wale waliotaka kuondoka badala ya kurudi. Lakini mimi bado niko kwa hiyo ndege. Kuna mtu Rongai anasimama steji kwa mvua, makanga anamwambia fea imepanda, na kuna mtu ana ndege, na wote wawili wanaitwa watu wanaokwenda ofisini.

Ebu tuhesabu ya Rongai basi. Chukua mtu ameanza kazi juzi, mshahara elfu 35. Asubuhi mat ni mia, jioni mia na hamsini kama hakujanyesha. Lunch ya kibandaski mia mbili, chapo mbili na madondo, hatujaingia hata mkahawa wa tao. Hiyo ni mia nne hamsini kwa siku. Mara siku 22 ni 9,900. Zaidi ya robo ya mshahara imeliwa na kule kufika tu. Weka na masaa matatu ya jam kila siku, ni masaa 66 kwa mwezi, ambayo hakuna mtu anakulipa. Mtu akikuambia uje ofisini siku tano na mshahara haujasonga, amekupunguzia mshahara. Aseme hivyo tu, tuelewane.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo naiheshimu, ya mama wa chapo. Ofisi zikiwa tupu, yeye anauza nani? Meya Eric Adams wa New York alikuwa anaisukuma sana hiyo mwaka wa 2022, watu watoke nyumbani warudi kazini ili mikahawa na dobi za jiji ziishi. Ni kweli, Nairobi tuliiona 2020, tao ilikufa. Lakini na mtaani watu wanakula. Mtu akibaki Kitengela siku mbili, chapo zinanunuliwa Kitengela. Na tusisahau, hii debate yote ni ya watu wa laptop. Mama mboga, mjengo, askari wa geti, dada wa EPZ, hao hawakuwahi kuulizwa wanapendelea wapi.

Sasa nifike kwa ile sababu ya kweli.

Dimon kwenye ile rekodi alisema pia kwamba vijana wanaumia kwa kukaa nyumbani, wanaachwa nyuma. Na hapo, pamoja na matusi yake yote, hakukosea. Wanauchumi watatu, Natalia Emanuel, Emma Harrington na Amanda Pallais, walichunguza wahandisi wa programu katika kampuni moja kubwa. Timu zingine zilikuwa zimekaa jengo moja, zingine zimegawanywa kwa majengo mawili ya karibu. Wale wa jengo moja walipata maoni kuhusu kazi yao kwa asilimia 22 zaidi. Korona ilipowarudisha wote nyumbani, hiyo tofauti ikayeyuka. Waliofaidika zaidi ni vijana wapya na wanawake. Mtu wa kwanza kazini akiwa karibu na mtu anayejua, anauliza. Akiwa mbali, anaogopa kusumbua, anaandika meseji, anaifuta, anagugo.

Mimi nimeyaona hayo. Baada ya chuo nilifanyia kazi kampuni fulani ndogo ya matangazo, kuhariri video. Tulikuwa tunafanyia nyumbani, tunaenda ofisini siku mbili. Kulikuwa na mhariri mkubwa kwetu sote, tulimwita Madam, na kila kitu ninachojua kuhusu sauti nilikipata kwa kukaa nyuma yake. Hakuwahi kunipa somo. Alikuwa anafanya kazi yake, ananiambia, kijana, sikiza hapa, unasikia huo upepo? Unasikia nimeutoa vipi? Dakika mbili, anarudi kwa yake. Hicho kitu huwezi kukipata kwa Zoom, kwa sababu huwezi kuuliza swali usilojua kwamba lipo.

Kisha ikatoka amri. Wote siku tano, bila mjadala. Madam alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja, anaishi mbali, na alikuwa na jina zuri mjini, wateja wanamjua. Aliondoka ndani ya wiki tatu. Alipata kazi kwingine kabla notisi yake haijaisha. Waliobaki ni sisi, vijana watano wa kulinganisha umri, tumevaa hedifoni, tunangoja intaneti ya ofisi ambayo ni polepole kuliko ya kwetu, na mkubwa anatuingilia kwa video kutoka nje ya nchi. Tulikuwa pamoja siku tano na hakuna mtu wa kutuonyesha chochote. Nilikaa miezi miwili nikaondoka nikaanza kutengeneza vitu vyangu.

Nilidhani hiyo ni bahati yetu mbaya, mpaka nikasoma kazi nyingine ambayo Ma na Ding walishiriki, iliyotoka mwisho wa 2024. Wao na wenzao walifuata wafanyakazi wa makampuni ya teknolojia na fedha yaliyotoa amri za kurudi ofisini. Walioondoka kwa wingi zaidi ni wanawake, watu wenye vyeo vya juu, na wenye ujuzi mwingi. Ina maana ukishalazimisha, anayeondoka kwanza ni yule anayeweza kuondoka. Mwenye uzoefu ana namba za watu, ana pa kwenda. Kijana hana, anabaki. Bosi anasema anawaleta vijana ofisini wakafundishwe, na amri ile ile inamfukuza mwalimu.

Na kuna kitu kingine kwenye ule utafiti wa wahandisi ambacho mabosi hawakitaji. Wale wakubwa waliokaa karibu na vijana waliandika kodi kidogo zaidi, kwa sababu muda wao ulikuwa unaenda kwa kufundisha. Kufundisha kuna gharama. Kampuni iliyo na nia ya kweli ingelipia hiyo gharama: ingempunguzia Madam kazi, ingemwambia siku zako mbili za ofisini ni za kukaa na hawa, na kwenye tathmini ya mwaka ingemhesabia. Badala yake wanamtaka atoe kazi ileile, avuke jiji kila siku, na afundishe bure katikati. Halafu wanashangaa anaondoka.

Kwa hivyo sisemi tukae nyumbani milele. Nimeona pia upande ule mwingine. Machi 2024, Remotasks, ule mtandao wa kazi ndogondogo za kufundisha mashine, ulifungia Wakenya kwa imeili tu. Watu walikuwa wanalipa rent na hiyo kitu. Kuamka ukute akaunti imefungwa, hakuna meneja, hakuna ofisi ya kwenda kugonga mlango, hakuna afisa wa leba anayejua uanzie wapi. Mtu asiyekuona anaweza kukuacha bila kukuona pia. Ukiwa umri wetu, mgeni kazini, kuwa mahali ambapo mtu anajua jina lako na ameona unavyofanya kazi ni mali. Kama ningepata kazi leo yenye Madam mwingine ndani, ningepanda hiyo mat siku nne bila kulalamika. Hata tano, miezi ya kwanza.

Lakini ningeuliza kabla ya kusaini. Wengi wetu tukienda intavyu tunauliza mshahara, tena kwa kuogopa, na kama kuna chai. Uliza siku za ofisini ni ngapi na ziko kwenye mkataba au ni maneno ya mdomo. Uliza kama zikiongezwa nauli inaongezwa. Muhimu kuliko yote, uliza utakuwa umekaa karibu na nani, huyo mtu ana miaka mingapi kwa hiyo kazi, na yeye huja siku gani. Usikubali jibu la "timu yetu ni kama familia." Taja siku: Jumanne nikija, nitamkuta nani?